Mlinzi wa Msitu wa Njaa

Yunis binti Sefania hakuomba kuwa mlinzi wa msitu. Kazi ile ilikuwa ya kaka yake Kristofa, na kabla yake ya baba yao, na kabla ya baba ya babu, huko nyuma hadi mahali ambapo wazee wenyewe huanza kubishana majina. Lakini Kristofa alikuwa Korogwe na duka lake la vipuri vya baiskeli, na kila alipoulizwa atarudi lini alijibu "Pasaka," bila kutaja Pasaka ya mwaka gani. Basi baba alipofariki mwaka tisini na moja, wazee wa ukoo walikaa, wakakohoa, wakatazamana, kisha wakamkabidhi Yunis kamba. "Ushike kwa muda," walimwambia. Muda wenyewe ulifika mwaka wa sita na hakuna aliyeutaja tena.

Kamba ilikuwa ya maganda makavu ya mgomba yaliyosokotwa, imefungwa kati ya miti miwili pale njia inapoingia msituni. Mtoto wa miaka mitatu angepita chini yake bila kuinama. Hata hivyo hapakuwa na mtu wa kijiji kile cha milimani, Kwemvumo, aliyeivuka bila ruhusa, awe wa kanisani au wa msikitini, awe mlevi au timamu. Mchungaji wa Kilutheri, ambaye kwa wadhifa wake alipaswa kuikemea, alijifanya haioni, na alipopita pale alikuwa na desturi ya kutazama upande wa pili kana kwamba ng'ambo kuna jambo.

Usidhani basi kwamba msitu wenyewe ulikuwa mkubwa. Ukiuzunguka kwa miguu, uji uliouacha jikoni hautakuwa umepoa. Lakini ndio ulioshikilia chemchemi ambayo bonde zima lilikunywa, na chini ya majani yake, katika udongo mweusi ambao haujawahi kuonja jembe, kulikuwa na viazi vikuu vya mwitu. Viazi vyenye manyoya, vichungu kidogo, vya kuchemshwa mara mbili na maji ya kwanza kumwagwa. Mwaka wa shibe hakuna aliyevitamani. Vilikuwa akiba ya mwaka ambao mvua imekataa, mahindi yamekauka yangali mafupi, na darini hakuna kilichobaki ila vumbi la maharage ya jana.

Mwaka kama huo wazee wakikubaliana, mlinzi hufungua kamba kwa asubuhi tatu. Kila nyumba hutoa mwanamke mmoja. Haingii na chuma. Huingia na kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha. Huchimba, hukata kiazi, lakini kichwa chake, pale shina linapoanzia, hukiacha na nyama ya upana wa kiganja, hukirudisha shimoni, hufukia, hukanyaga kwa kisigino. Kichwa hicho ndicho kiazi cha njaa nyingine. Anayechimba hazungumzi, maana pale si sokoni. Na mlinzi hukaa penye kamba akiwa ameupa msitu mgongo, haangalii nani katoka na nini, ili mtu mwenye njaa asione aibu kwa alichobeba. Katika desturi zote za milima ile hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na hii ndiyo iliyomponza Yunis.

Vuli ya mwaka tisini na sita haikuja. Masika iliyofuata ilikuja ikachungulia, ikaondoka. Kufikia Juni watu wa Kwemvumo walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na wengine walikuwa wanasema wanakula mara moja kwa siku. Wazee wakamwita Yunis, wakamwambia wakati umefika.

Alifungua kamba, tuseme ukweli, kwa furaha. Alikuwa mama wa makamo aliyefiwa na mume, mwenye binti mmoja, Loveness, aliyeolewa mbali, na kwa miaka sita alikuwa ameshika kamba ambayo kila mtu alijua ni ya mwingine. Sasa wanawake thelathini na kitu walikuwa wamepanga mstari mbele yake kwenye umande, na kila mmoja alimwamkia kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani. "Onga makeo, Mama Loveness." Aliitika, akawapisha mmoja mmoja, kisha akageuka akaketi juu ya jiwe, mgongo kwa msitu, kama alivyomwona baba yake mwaka sabini na nne.

Kabla hajageuka, aliona kitu. Raheli, mke wa Nikodemo, alikuwa amejifunga kanga ya pili begani, na chini ya kanga ile palichomoza bapa la jembe. Raheli alikuwa mgeni. Nikodemo alimwoa mwaka mmoja nyuma kutoka upande wa Soni, msichana wa mikono myepesi na kicheko cha haraka. Yunis aliliona jembe, na neno likamfika mdomoni. Akalimeza. Unamwambiaje mke wa mtu, mtu mzima, mbele za wenzake, jinsi ya kuchimba chakula? Mambo kama hayo mtu hufundishwa na mama yake. Kumwambia ni kumtangazia kwamba mama yake hakumlea. Yunis akajisemea kwamba labda amelibeba kwa mazoea tu, na kwamba atakapowaona wenzake ataliweka chini, na kwamba kwa vyovyote vile mtu mwenye njaa hasimamishwi mlangoni. Akajisemea mengi, kama tunavyojisemea sote tunapotaka kunyamaza.

Ambacho hakukifikiria ni hiki. Mwaka sabini na nne kila nyumba ya Kwemvumo ilikuwa na viazi vikuu vyake nyuma ya jiko, vimepanda juu ya mti, na kila msichana alijifunza kuacha kichwa akiwa hajang'oka meno ya utoto. Yunis mwenyewe alipigwa kofi la mkono kwa kosa hilo na hakurudia tena. Lakini baadaye ilikuja miaka ya ruksa. Kila mtu ruksa kununua, kila mtu ruksa kuuza, na maroli kutoka Dar es Salaam yakaanza kupanda hadi Lukozi kutafuta kabeji. Watu wakang'oa migomba, wakang'oa maharage yaliyokuwa chini ya migomba, wakang'oa na viazi vya nyuma ya jiko, wakapanda kabeji mpaka kwenye kingo za kijito. Simlaumu mtu. Kabeji ilileta mabati, ilileta sare za shule. Ila kati ya wanawake wale wa asubuhi ile, nusu hawakuwahi maishani mwao kuchimba kiazi kikuu.

Kwa asubuhi tatu Yunis alikaa na mgongo wake. Alisikia nyuma yake mikwaruzo, mashina yakikatika, pumzi za watu wanaofanya kazi kwa haraka. Alisikia pia chuma kikigonga jiwe, si mara moja. Wanawake walitoka na vikapu vimefunikwa, wakamshukuru, wakaondoka. Usiku wa kwanza moshi ulipanda kutoka kila jiko, na yeye akalala usingizi mzuri ambao hakuupata tena kwa muda mrefu.

Asubuhi ya nne aliingia kukagua, kama ilivyo kazi ya mlinzi. Msitu ulikuwa umetobolewa. Mashimo mapana ya jembe, mengine yakifika kiunoni, mashina yamevutwa kutoka juu ya miti na kuachwa yakinyauka. Alipiga magoti kwenye shimo moja akachakura kwa vidole. Hakuna kichwa. Akaenda la pili. Walikuwa wamechukua vyote, kwa kuwa kichwa nacho ni chakula, na mtu asiyejua kwa nini akiache atakiachia nini? Alipata vichwa saba tu vilivyofukiwa vizuri na kukanyagwa, vyote upande mmoja, mahali walipochimba wanawake wazee. Alikaa pale chini akalia, akilalamika kwa sauti, ndani ya msitu ambamo hairuhusiwi kusema.

Angetoka siku ile ile akapiga kelele, hadithi ingekuwa nyingine. Alikusudia. Alitoka na magoti yake yenye udongo, akafika kwenye nyumba ya kwanza, na mwenye nyumba akatoka na mtoto mgongoni akamshika mikono yote miwili. "Mama Loveness, Mungu akubariki. Watoto wamelala wameshiba." Basi utamwambia nini mtu huyo? Yunis alisema amina. Akarudi, akafunga kamba.

Mwishoni mwa mwaka mvua ilikuja, ile mvua ya Elinino, ikanyesha hadi watu wakaichoka. Chakula kikarudi. Katika mnada wa mavuno kanisani mzee mmoja alisimama akaushukuru msitu, kwa maneno ya kuzunguka ili mchungaji asilazimike kusikia, na watu wakageuka wakamtazama Yunis na kutabasamu. Naye akatabasamu. Aliporudi nyumbani alivua kitambaa cha kichwani akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Alikuwa hajui amekuwa mwongo saa ngapi hasa.

Mwezi wa nne alikwenda Mlalo, kwa ukoo wa mama yake, ambao nao wana msitu wao, na akaomba vichwa vya viazi vya mwitu. Aliwaambia ni vya shambani kwake. Wakampa kumi na viwili, vimefungwa kwenye gunia lenye majani mabichi, na alivibeba akibembeleza gunia lile ndani ya gari kama amebeba kifaranga. Alivipanda peke yake, akavuka kamba mara nyingi kuliko mlinzi yeyote aliyemtangulia. Hesabu aliijua. Kiazi cha mwitu kinataka miaka minne, mitano, ndipo kiwe kiazi cha kulisha nyumba. Aliomba apewe miaka mitano. Haikuwa sala kubwa, alivyoona yeye. Miaka mitano ya mvua ya kawaida, msitu ungejaa tena, na hakuna ambaye angejua.

Ila kulikuwa na jambo lililomuumiza kila alipolisikia. Nikodemo alikuwa amefyeka migomba yake yote iliyobaki. Kijana mwenye nguvu, asiye na ubaya, mwenye haraka ya maisha. Mbolea ambayo zamani ilitoka ushirika sasa ilikuwa ya dukani na bei yake ilipanda kila msimu, kwa hiyo alilima zaidi ili aimudu, na alivyolima zaidi ndivyo alivyoihitaji zaidi. Mzee mmoja alimwonya barabarani, Yunis akiwapo, kwamba angalau abakishe shamba moja la mahindi na maharage.

"Mzee wangu, tukikwama msitu upo," Nikodemo alisema, akamgeukia Yunis kwa heshima zake zote. "Au siyo, Mama?"

Yunis alisema, "Mungu atasaidia." Akaondoka na ndoo yake. Maneno yale yale aliyasikia tena kisimani, na tena msibani, na kila mara alijibu kitu kisichokuwa jibu.

Mungu hakumpa miaka mitano. Alimpa miwili. Vuli ya tisini na tisa ilikuwa manyunyu, masika ya elfu mbili ikawa vumbi, na kabeji za Kwemvumo zikajikunja na kuwa ngumu kama mipira ya makaratasi. Maroli hayakupanda. Na wakati ule ndipo ilipoonekana ni nyumba ngapi zilizokuwa zimeacha kabisa kuweka chakula. Mwaka tisini na saba walau watu walikuwa na mihogo mabondeni na ndizi za hapa na pale. Sasa hapakuwa na kitu ila mashina ya kabeji, na watu wakaanza kuyachemsha.

Wazee walimjia mwezi wa sita. Akawaambia bado. Walishangaa lakini waliheshimu, kwani mlinzi ndiye anayejua hali ya msitu wake. Wakarudi mwezi wa saba. Akawaambia bado, na safari hii mmoja wao aliondoka bila kuaga. Baada ya hapo maneno yakaanza. Yunis anakula mwenyewe. Yunis anachimba anapeleka Lushoto kuuza. Kristofa amemwagiza auze msitu kwa mtu wa mbao. Wanawake kisimani walinyamaza alipofika na wakaendelea alipoondoka, na yeye, aliyekuwa akila uji mwepesi wa unga alioletewa na Loveness, alikonda sawa na wao bila mtu kumwamini.

Angeweza kufungua. Hilo nalo lilimla. Mle ndani sasa kulikuwa na mashina kumi na tisa, na chini yake viazi vya unene wa kidole gumba, vingine vya unene wa mpini wa jembe. Akifungua, thelathini na kitu wangeingia, na hata wangeacha vichwa, vichwa vya viazi vichanga huoza. Chakula cha jioni moja, kisha hakuna tena, si kwao, si kwa watoto wao. Akifunga, alikuwa anawatazama watu wakikonda. Na kusema kwa nini amefunga ndilo jambo ambalo mdomo wake ulikuwa umelikataa miaka mitatu.

Shangazi yake, Dorkasi, dada wa marehemu Sefania, alikuwa kikongwe asiyetoka tena kitandani. Akili yake ilikuwa salama. Mwili ndio uliokuwa unaondoka. Yunis alimpelekea uji kila siku, na Alhamisi moja unga uliisha. Alikaa nyumbani akitazama chungu kitupu. Kisha akainuka, akaenda msituni mchana kweupe, akachagua kiazi kimoja, kile kikubwa kuliko vyote, akakichimba kwa kijiti. Kichwa alikirudisha, akakikanyaga, ingawa alijua hakitaota. Alikichemsha mara mbili akakiponda kwenye bakuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nilikuwa napika."

Dorkasi alipokea kijiko cha kwanza, akakitafuna kwa fizi taratibu. Akaacha kutafuna. Alimtazama mpwa wake, kisha akakitoa mdomoni akakiweka ukingoni mwa bakuli, kwa adabu, kama mtu anayeweka mfupa.

"Hiki ni kichanga," alisema. "Hakijamaliza hata miaka mitatu. Nani kakuruhusu kuchimba kichanga?"

Yunis alikoroga bakuli kwa kijiko.

"Kule ndani viko vikongwe vya tangu enzi za baba yako. Kwa nini unaniletea kichanga?"

Hapo ndipo Yunis alipomwaga yote, amepiga magoti kando ya kitanda, jembe la Raheli, mashimo, vichwa saba, Mlalo, yote. Alitegemea shangazi atamshika kichwa. Dorkasi hakumshika. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho.

"Uliona haya kumwambia binti wa watu," alisema.

"Niliona haya, shangazi. Si tulifundishwa hivyo?"

"Tulifundishwa. Na sisi tuliowafundisha tulidhani mambo yatabaki yalivyo." Alipumua kwa shida. "Sawa. Siku ile ulinyamaza kwa adabu. Na siku zote baada ya pale?"

Yunis aliinamisha uso kwenye blanketi.

"Chukua bakuli lako," Dorkasi alisema. "Mimi sili hiki. Kawaambie watu."

Aligeukia ukutani. Yunis alimbembeleza mpaka jua likaanza kushuka, kwamba kiazi kimeshachimbwa, kwamba hakirudi tena ardhini, ale basi asife. Mwanamke yule alikuwa na njaa, mate yalimtoka pembeni mwa mdomo kwa harufu ya chakula, na hakufungua mdomo. Mwishowe Yunis alifunika bakuli na kuondoka, akiwa na hasira na shangazi yake kuliko alivyowahi kuwa na hasira na mtu yeyote, maana alijua yuko sahihi.

Hakuwahi kupanga siku ya kusema. Kijiji kilimpangia. Ijumaa asubuhi alipokuwa anafagia uwanja alisikia watu wengi wakipanda, akaacha ufagio akakimbia kupitia njia ya mkato hadi kwenye kamba. Aliwakuta wanafika. Walikuwa watu wa nyumba karibu zote, wanaume kwa wanawake, wamebeba majembe na vikapu, na mbele yao Nikodemo na panga. Raheli alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, mtoto wa mwaka na nusu ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na nywele zake zimegeuka rangi ya kutu.

Walimwamkia kwanza. Watu wa milima ile hawaachi salamu; shikamoo zilitoka moja baada ya nyingine, hata kutoka kwa aliyeshika panga, naye akaitikia zote. Kisha Nikodemo akasema, "Mama, tupishe. Tumekuja kufungua wenyewe."

"Ndani hakuna viazi, Nikodemo."

"Umevimaliza?" mtu akapiga kelele nyuma. "Umeviuza?"

"Hakuna tangu mwaka ule," Yunis alisema. "Mwaka ule tulipofungua, vichwa havikuachwa. Mlichimba na vichwa. Mimi niliona jembe na sikusema."

Walitazamana. Wengine hawakuelewa vichwa ni nini, na hilo pekee lilitosha kumwonyesha ukubwa wa alichokuwa hajasema. Nikodemo alitikisa kichwa, akainua panga ili aikate kamba. Yunis akamzuia mkono, akaifungua mwenyewe. "Ingieni wote," alisema. "Mkaone."

Waliingia. Naye, ambaye baba yake hakuwahi kusema hata neno moja chini ya miti ile, aliongea mfululizo. Aliwaonyesha mashimo, ambayo sasa yalikuwa yamejaa majani lakini bado yalikuwa mashimo. Aliwaonyesha mashina kumi na manane yaliyobaki, membamba, yamefungwa kwenye miti kwa nyuzi za mgomba. Alipiga magoti akafukua moja kwa vidole ili waone ukubwa wake, na kuwaonyesha kichwa ni kipi, na kiasi gani huachwa, na jinsi ya kukanyaga. Wanawake wawili wazee walikuwa wakilia. Vijana walitazama kiazi kile chenye unene wa kidole kama watu walioonyeshwa kitanda cha marehemu.

Nikodemo alichuchumaa kando ya shimo kubwa kuliko yote. "Hili ni letu," alisema polepole. "Raheli aliniambia alichimba penye mwamba." Aliinua uso. "Mama, mbona hukutuambia?"

"Nilidhani mnajua. Nilidhani ni matusi kuwaambia."

"Siku ile, sawa. Baadaye?"

Safari hii Yunis hakutunga jibu. "Niliona aibu," alisema. "Mlikuwa mnanishukuru."

Watu walitazama majembe yao. Hapana aliyemtukana, na Yunis angefurahi kama wangemtukana. Raheli alijipenyeza mbele, akasimama kando yake. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha zamani.

"Mimi nilikuwa na maharage, Mama Loveness," alisema. "Mwaka jana. Nilikuwa nimeyaweka darini kwa ajili ya hawa watoto. Nikodemo akasema tuyatoe tupate mbolea ya kabeji, nikakataa, tukagombana. Nikaja kwako kuomba ushauri. Unakumbuka? Nilikuuliza, eti msitu bado una kitu? Ukaniambia nisihofu."

Yunis alikumbuka. Alikuwa akichambua mboga siku ile. Aliyasema maneno yale bila hata kuinua uso.

"Nikayatoa," Raheli alisema.

Mtoto mgongoni alikohoa. Raheli alimpandisha juu kidogo, akakaza kanga, kisha akakiinamia kile kiazi kidogo kilichokuwa bado wazi katika udongo mweusi. Akakifukia, kwa mkono wake, akakanyaga kwa kisigino kama alivyoonyeshwa muda mfupi uliopita.

"Bado miaka mingapi?" aliuliza.

"Mitatu," Yunis alisema. "Kama mvua haitasumbua."

Raheli alihesabu kwa midomo. "Huyu atakuwa anaingia mwaka wa tano," alisema. "Akifika."